Tuisheni ya kidato cha nne pale Chikongola: nani aende, nani asubiri kwanza

Nianze na jibu, maana mzazi anayetafuta tuisheni huwa ana haraka. Kama mwanao yuko kidato cha nne na kinachomsumbua ni Hisabati, Kiswahili, Historia au Jiografia, mpeleke, na mpeleke kabla Juni haijafika. Kama shida yake ni Kemia au Fizikia, tafuta kwingine. Na kama yuko kidato cha kwanza au cha pili na anasoma kwa mtaala ulioboreshwa, subiri kwanza mpaka walimu wa pale wajipange.

Kituo hakina kibao. Kiko Chikongola, hapa Mtwara mjini, kwenye nyumba ya kawaida ambayo sebule na chumba cha mbele vimevunjwa ukuta vikawa darasa moja. Watu wanapaita "kwa Mwalimu" na ukiuliza mtaani unaonyeshwa. Mwalimu mwenyewe ni mstaafu wa Hisabati, amekula chaki maisha yake yote katika shule za mkoa huu. Anasaidiwa na vijana wawili waliomaliza chuo na wanasubiri ajira: mmoja anafundisha Kiswahili na Historia, mwingine Jiografia na Kiingereza.

Mimi nina steshenari. Kutwa nzima natoa fotokopi, na mitihani ya Baraza la Mitihani imepita mikononi mwangu mingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Kwa hiyo najua mapema kituo gani kinafundisha na kipi kinauza makaratasi. Kipo kituo kimoja, sikitaji, ambacho mwaka ule binti yangu alipokuwa kidato cha nne kilikuwa kinaleta kwangu kitini kilekile cha "maswali yatakayotoka" kwa kila mwanafunzi. Binti yangu alisoma huko muhula mzima. Walikuwa wamejazana, mwalimu anasoma kitini kwa kipaza sauti, watoto wananakili. Hakuna hata karatasi moja aliyorudishiwa ikiwa imesahihishwa. Mtihani wa utamilifu, ule wa majaribio kabla ya mtihani wa taifa, ulipokuja akapata F ya Hisabati, nikamtoa na kumpeleka kwa Mwalimu.

Tofauti ya kwa Mwalimu niliiona kwenye karatasi aliyorudi nayo nyumbani wiki ya kwanza. Swali lilikuwa la korosho, kama maswali yake mengi yalivyo: mkulima amepeleka kilo 350 ghalani, bei ya mnada ni shilingi 3,000 kwa kilo, makato ni asilimia 5, atabakiwa na shilingi ngapi mkononi. Binti yangu aliandika mstari mmoja: 997,500. Jibu ni sahihi kabisa, na mtoto wa Mtwara ambaye baba yake anapeleka korosho chama cha msingi kila msimu hawezi kulikosa. Mwalimu akampa alama 2 kati ya 6, akaandika pembeni kwa wino mwekundu: "Umefikaje? Msahihishaji hakujui."

Siku ile nilipofunga duka nikapita kituoni, maana niliona mtoto ameonewa.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba mama, karibu. Umekuja kwa ajili ya ile karatasi."

Akanikalisha kwenye benchi akaniandikia ubaoni kama mwanafunzi. Mstari wa kwanza, 350 mara 3,000 ni 1,050,000. Mstari wa pili, asilimia 5 ya hiyo ni 52,500. Mstari wa tatu, toa, zinabaki 997,500. Akasema: "Mtihani wa taifa unataka kazi yote ionekane, imeandikwa kwenye maelekezo ya ukurasa wa kwanza. Mtoto akikosea mstari wa mwisho lakini miwili ya juu iko sawa, bado anaokota alama. Asipoonyesha kazi, akikosea tarakimu moja tu amepoteza swali zima." Kisha akanifungulia karatasi ya Hisabati: maswali 14, kumi ya sehemu A yana alama 6 kila moja, manne ya sehemu B yana alama 10 kila moja, yote yanajibiwa, saa tatu. "Mama, hapa watu hawafeli kwa kutojua tu. Wanafeli kwa kuacha alama mezani."

Hisabati ndiyo inayoangusha watoto wengi nchi nzima mwaka hadi mwaka, kwa hiyo mwalimu anayejua alama zinapatikana wapi ndani ya swali ana thamani kubwa.

Jambo lingine analolikazania ni kikokotoo. Watoto wetu wamezoea simu. Ukimuuliza 48 mara 25 mkono unakwenda mfukoni. Kwenye chumba cha mtihani wa Hisabati kikokotoo hakiruhusiwi, kuna majedwali tu. Pale kwa Mwalimu simu zinakusanywa mlangoni kwenye kikapu, na kila mtoto lazima awe na kijitabu chake cha majedwali, hata kama ni cha fotokopi. Wiki za mwanzo binti yangu alikuwa analalamika kwamba wanarudishwa darasa la sita, wanakaririshwa kuzidisha na kugawanya. Kufika Septemba alikuwa anatafuta logi kwenye majedwali haraka kuliko ninavyotafuta namba kwenye simu.

Yule kijana wa Kiswahili naye anastahili kusifiwa. Wazazi wengi hawalipii Kiswahili tuisheni, wanasema mtoto amezaliwa nacho. Ni kweli amezaliwa nacho, lakini kwenye mtihani anaulizwa mofimu, upatanisho wa kisarufi, kuchanganua sentensi kwa matawi na kwa jedwali, barua rasmi yenye anwani mbili na kichwa cha habari mahali pake. Karatasi yenyewe ina maswali 11: sehemu A alama 16, B alama 54, C alama 30, na sehemu C mtoto anachagua maswali mawili. Kijana yule anawafundisha kuanza kwa kusoma kitenzi cha swali. Swali likisema "taja" wanataja na kuendelea. Likisema "fafanua" kila hoja inapata maelezo na mfano. Likisema "jadili" lazima kuwe na utangulizi, hoja na hitimisho. Inaonekana jambo dogo, lakini nimeziona karatasi za watoto wengine wakija kutoa nakala: swali linasema "fafanua hoja sita", mtoto ameorodhesha sita kwa namba, kila moja maneno matatu, kisha anashangaa amepata alama chache.

Hoja hizi hawazitoi kichwani mwao. Baraza la Mitihani hutoa kila mwaka taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, swali kwa swali, zinazoeleza waliofanya vizuri walijibu nini na waliofeli walikosea wapi, mpaka sampuli za majibu ya watoto zinawekwa. Zinapatikana bure kwenye tovuti ya Baraza. Katika miaka yote ya duka langu, ni walimu wa kituo hiki tu waliokuja kuniomba niwachapie taarifa hizo. Wengine wote wanataka pasti pepa, yaani mitihani ya miaka iliyopita, na majibu. Mimi nasema wazi kwamba taarifa moja ya uchambuzi ina faida kuliko rundo la pasti pepa ambazo mtoto hajui alikosea wapi, na mzazi mwenye simu anaweza kuipakua leo bila kumlipa mtu.

Jumamosi ndiyo siku ya mtihani kamili. Wanaingia saa 2 kamili asubuhi kama mtihani wa taifa, wanakaa mbalimbali, saa tatu hakuna kutoka. Karatasi zinarudi Jumatano zikiwa zimesahihishwa, na kila mtoto anaitwa mezani kwa Mwalimu dakika chache. Anahesabiwa na pointi zake: A pointi 1, B 2, C 3, D 4, F 5, masomo saba bora yanajumlishwa. Pointi 7 mpaka 17 daraja la kwanza, 18 mpaka 21 la pili, 22 mpaka 25 la tatu, 26 mpaka 33 la nne. Mwalimu hamwambii mtoto "jitahidi". Anamwambia, "Jiografia una alama 41, ukipata nne zaidi ni C, pointi moja imeshuka. Alama nne hizo ziko kwenye ramani." Mtoto anaondoka akijua usiku huo anafungua ukurasa gani. Kwa anayetaka kidato cha tano hesabu hizi si mapambo, kwa sababu lazima awe na C tatu au zaidi na pointi zisizidi 25.

Kuhusu Kiingereza. Watoto wetu wanatoka shule ya msingi wamesoma kila kitu kwa Kiswahili, wanaingia sekondari wanakuta lugha imegeuka, na wengi wanafika kidato cha nne wanaijua Jiografia ila hawawezi kuiandika. Kijana wa Jiografia anaeleza kwa Kiswahili kwanza mpaka mtu aelewe, kisha anafuta ubao na kusema sasa niandikieni hicho hicho kwa Kiingereza, sentensi fupi fupi. Anasahihisha maudhui kwa wino mwekundu na lugha kwa wino wa kijani. Nilipenda sana jambo hili. Inauma kumwona mtoto mwenye akili timamu akikaa kimya miaka minne kwa sababu ya lugha tu, na shuleni walimu wana watoto wengi mno kuweza kumfikia mmoja mmoja.

Bei. Somo moja shilingi 10,000 kwa mwezi, na mtihani wa Jumamosi shilingi 1,000 pamoja na kusahihishiwa. Kwa mji huu si rahisi na si ghali. Lakini kuna utaratibu ambao sijauona kwingine. Pale kuna watoto wengi waliopanga geto mjini huku wazazi wako Nanyamba, Tandahimba na Newala. Wazazi hao fedha wanaipata korosho zikishauzwa, na minada huanza Oktoba, malipo yanaingia benki baadaye, wakati huo mtoto yuko mlangoni mwa mtihani wa Novemba. Mwalimu anawaandika kwenye daftari tangu Julai na anawafundisha bila kuwafukuza. Msimu ukifunguka wazazi wanakuja kulipa, wengine na gunia la mihogo au ming'oko juu. Nilimuuliza kama hawamkimbii. Akajibu wapo wachache, lakini mtoto akikosa miezi mitatu ya mwisho kwa sababu ya korosho haitamsaidia hata baba yake akilipwa mamilioni. Kwa heshima hii peke yake ningempeleka mwanangu kwake.

Kwa watoto wa kike, ratiba imepangwa vizuri. Darasa linaanza baada ya Alasiri na linafungwa kabla ya Magharibi, kwa hiyo binti anayekaa Vigaeni au Reli anafika kwao bado kuna mwanga. Mwezi wa Ramadhani wanahamisha vipindi asubuhi ya Jumamosi na Jumapili. Wapo pia mabinti watu wazima kidogo wanaosoma kama watahiniwa wa kujitegemea, mmoja nilimkuta amemlaza mtoto kwenye khanga pembeni ya benchi na anachora grafu. Tangu Novemba 2021 serikali iliporuhusu waliokatisha masomo kwa ujauzito warudi, nawaona wengi zaidi wakija dukani kuchapisha fomu. Kwa Mwalimu hakuna anayewanyooshea kidole, na anayetaka kufanya Mtihani wa Maarifa kwanza, ule unaompa sifa ya kufanya wa kidato cha nne, anaelekezwa hatua zake bila kulipishwa.

Sasa mabaya, na ni ya kweli.

Darasa ni la joto. Bati halina dari, na Oktoba ya Mtwara mnaijua. Kuna feni moja, umeme ukikatika wanajipepea kwa madaftari. Choo ni kimoja kwa wote, wavulana na wasichana, na hilo nimemwambia Mwalimu usoni kwamba halikubaliki kwa kituo chenye mabinti wengi kiasi hicho. Ameahidi. Bado sijaona tofali.

Kuanzia Julai, baada ya mtihani wa utamilifu, wazazi wote wanakumbuka tuisheni kwa pamoja na darasa linafurika. Karatasi za Jumatano zinaanza kurudi Ijumaa, na zile dakika za mezani zinakuwa salamu tu. Ndiyo maana nimesema kabla ya Juni.

Sayansi hakuna. Hawana maabara, na kijana aliyekuwa anasaidia Kemia alikuwa anachora bureti na pipeti ubaoni. Kemia, Fizikia na Biolojia zina mtihani wa vitendo, mtoto anapimwa kwa mikono na macho yake: ameona rangi imebadilika lini, amesoma kipimo sawasawa. Huwezi kujifunza hilo kwenye mchoro. Fedha ya Kemia ni afadhali uitumie kumwezesha mtoto abaki shuleni siku za maabara, na umwombe mwalimu wa somo ampe nafasi ya kushika vifaa mwenyewe badala ya kuangalia wenzake wakishika.

Na jambo kubwa zaidi, mtaala mpya. Mdogo wake binti yangu sasa yuko kidato cha pili, anasoma kwa mtaala ulioboreshwa, ule ulioanza kuingia madarasani Januari 2024 hatua kwa hatua, nyuma yake ikiwa Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, Toleo la 2023, ambayo Rais Samia aliizindua Dodoma Februari 1, 2025. Nilimpeleka kwa Mwalimu kwa sababu ya imani niliyokuwa nayo. Wakampa pasti pepa zilezile za dada yake. Mtoto ana somo la Historia ya Tanzania na Maadili, ambalo linafundishwa kwa Kiswahili na halina rundo la mitihani ya nyuma ya kukimbilia. Ana Elimu ya Biashara. Anatakiwa aonyeshe anaweza kufanya kitu kwa alichojifunza, apewe hali ya maisha aitolee uamuzi, afanye kazi mradi. Kumlisha maswali ya mtaala unaoondoka ni kumfundisha kujibu mtihani wa mtu mwingine.

Nilimwambia Mwalimu hivyo, na hakunikasirikia. Alikiri kwamba mihtasari mipya anayo lakini hajaifanyia kazi somo kwa somo, na vijana wake walisoma chuoni kwa utaratibu wa zamani. Nilimchapia fomati za upimaji kutoka tovuti ya Baraza na tukakubaliana mdogo arudi watakapokuwa wameandaa maswali yao wenyewe. Kwa sasa anasoma nyumbani kwa vitabu vya Taasisi ya Elimu Tanzania, ambavyo viko kwenye maktaba yao ya mtandaoni na vinasomwa bure, na Jumamosi ananisaidia dukani kuandika mapato na matumizi. Hiyo ndiyo Elimu ya Biashara yake ya vitendo, na daftari lake la hesabu za duka ni safi kuliko langu.

Kwa hiyo mzazi wa kidato cha kwanza, cha pili au cha tatu, kabla hujalipa kituo chochote mjini hapa, uliza swali moja tu: mnatumia mhtasari gani na fomati ya mwaka gani? Akikuonyesha karatasi, ikague. Akikuambia "mitihani ni ileile tu mama", funga pochi.

Kuna suala moja siwezi kuliacha, kwa kuwa linapitia mlangoni kwangu. Kila Oktoba inapoisha vijana wanakuja na simu, wanataka niwatolee "mtihani wenyewe" walioununua kwenye magrupu ya WhatsApp. Nawarudisha wote. Karatasi hizo ni za uongo, na anayekamatwa na udanganyifu anafutiwa matokeo yote, miaka minne inakwenda na maji. Mwalimu analisema hili wazi siku ya mwisho ya darasa, mbele ya wazazi, na mtoto yeyote wa kituo chake anayesikika amenunua anarudishiwa fedha zake na kuambiwa asije tena. Mwaka ule wa binti yangu alimrudisha mmoja, mtoto wa mtu mwenye uwezo mjini hapa, na baba alipokuja juu hakubadilisha neno.

Matokeo, maana najua mtauliza. Binti yangu alifanya mtihani Novemba 2025. Alipata B ya Kiswahili, na C za Historia, Jiografia, Uraia, Kiingereza, Biolojia na Hisabati. Pointi 20, daraja la pili. Kemia alipata D, na D hiyo naiweka kwenye hesabu ya kituo kama ninavyoiweka ile C ya Hisabati iliyotoka kwenye F. Sisemi yote ni kazi ya Mwalimu. Shuleni kwao kuna mwalimu wa Biolojia aliyekuwa anakaa nao mpaka jioni bila malipo, naye ana sehemu yake kubwa.

Darasa jipya la kidato cha nne linaandikishwa sasa. Nenda mwenyewe baada ya Alasiri, usitume mtoto peke yake, na chukua karatasi yake ya mtihani wa mwisho wa shule iliyosahihishwa. Mwalimu ataiomba kabla hajakutajia bei. Akiangalia anaweza kukwambia somo moja tu linatosha, kama alivyomwambia jirani yangu wa Ufukoni aliyekuja amejiandaa kulipia manne.